Jina Baya la Ugonjwa wa Dada

Mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na kazi ninayojifunza sasa ni kuandika riwaya. Lakini mtu wa maneno hukerwa na jina baya kama fundi cherehani anavyokerwa na mshono uliopinda. Jina linalonikera mimi ni kifafa cha mimba. Wazungu nao hawakutuzidi. Jina lao, eklampsia, lina asili ya Kigiriki, maana yake mmweko wa ghafla. Wote tumeuita ugonjwa kwa kile tunachokiona mwishoni, na huku wenyewe ulianza zamani, kimya kimya.

Ungeuliza, msomaji, jina linamdhuru nani? Lilimdhuru dada yangu. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi minane, miguu ilivimba hata kandambili hazimwingii, kichwa kikimgonga, macho yakiona vimulimuli. Watu wakasema ni uzito wa mimba tu. Akaanguka jikoni, akakakamaa, povu likamtoka. Jirani mwenye pikapu ndiye aliyemwahisha hospitali. Wakampa magnesiamu salfeti, wakamzalisha kwa upasuaji, naye na mtoto wakapona. Basi nikadhani yamekwisha. Wapi! Ukweni ilishasemwa: mmetuoza mwenye kifafa, mkatuficha. Eti arudi kwao kwanza, ukoo uchunguzwe. Alikaa kwetu miezi mitano na kichanga chake, huku shemeji akija Jumapili kama mgeni.

Miezi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma na kuwasumbua manesi kwa maswali. Kumbe chanzo ni kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, chembe za kondo huingia katika mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuitanua, ili ile iliyokuwa myembamba ipitishe damu nyingi. Kwa wengine kazi hiyo haikamiliki. Kondo hubaki na njaa ya damu, nalo humwaga protini fulani katika damu ya mama. Mojawapo huitwa sFlt-1; watafiti wa Boston, akiwemo Ananth Karumanchi, waliieleza mwaka 2003. Protini hiyo huwanyima mishipa ya mama kile kinachoitunza. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, na ubongo ukizidiwa ndipo mtu anapoanguka. Ndiyo maana kliniki hupima presha na mkojo hata kwa mama anayejiona mzima. Pepo haonekani hapo, wala kile kifafa walichokuwa wakikitafuta kwenye ukoo wetu.

Na ile dawa aliyopewa ni chumvi tu, tena ya bei nafuu. Mwaka 1995 utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa maskini ulionyesha kuwa inazuia degedege lisirudi kuliko diazepamu na fenitoini zilizokuwa zikitumika. Mwaka 2002 ukaja ule wa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: waliopewa dawa hiyo kabla hawajaanguka, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya nusu. Ila haitibu kondo. Dawa ya kondo ni kuzaa.

Sasa dada ana mimba ya pili, wiki ya 14. Aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena, na Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wa aina hiyo wapewe aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, kuanzia kabla ya wiki ya 20. Daktari ameshamwandikia. Juzi mama mkwe kaviona vidonge mezani, akauliza kama ndivyo vya kifafa. Shemeji, ambaye safari ile hakufungua mdomo, akajibu yeye: "Hapana mama, ni vya kondo." Bibi akaguna, akaendelea kuchambua mchele wake.