Sista Aliyevichunguza Vitabu vya Shule

Mwanafunzi akipewa kitabu cha shule huamini kwamba kila neno lililopigwa chapa ni la kweli. Si vibaya, maana asiyeamini hajifunzi. Lakini habari za Sista Rose Thering zimenifundisha kwamba viko vitabu vinavyopasa kuulizwa maswali.

Sista Rose alizaliwa mwaka wa 1920 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nyumbani mwa wakulima Wakatoliki. Alipopata miaka 16 aliingia utawa katika shirika la Mtakatifu Dominiko, kisha akawa mwalimu. Katika vitabu vya dini vya siku zile Wayahudi walielezwa kuwa ndio waliomwua Yesu, na kwamba taifa lao zima limelaaniwa. Neno hilo lilimkaa moyoni. Alipokwenda kutafuta udaktari katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, alivikusanya vitabu vilivyokuwa vikisomeshwa katika shule za Kikatoliki, akavipitia na kuandika vinasema nini juu ya Wayahudi. Kazi hiyo aliimaliza mwaka wa 1961.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito, kwa kuwa aliwaambia wakubwa wa nyumba yake mwenyewe kwamba chakula wanachowapa watoto kina sumu. Nayo miaka 20 ilikuwa haijatimia tangu utawala wa Hitler ulipowaua Wayahudi wapatao milioni 6.

Uchunguzi wake ulimfikia Kardinali Augustin Bea, aliyesimamia utungaji wa tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano liitwalo Nostra Aetate. Lilitolewa tarehe 28 Oktoba 1965. Lilikataza Wayahudi wasielezwe kuwa wamelaaniwa na Mungu, na Waislamu nao likawataja kwa heshima.

Hapo ndipo habari hii inaponigusa mimi. Baba yangu ni Mkristo na mama yangu ni Mwislamu, na kwetu Idi na Krismasi zote huliwa katika sinia moja. Walakini nilipokuwa shule ya msingi nilipewa kijitabu chenye maneno ya dharau juu ya dini ya mama. Nilikificha chini ya godoro muhula mzima asije akakiona. Mama hajui mpaka leo, wala aliyekiandika hajui kwamba kilifika nyumbani mwa mtu.

Sista Rose hakuridhika na karatasi tu. Tangu mwaka wa 1968 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Seton Hall, New Jersey, akiwafundisha walimu, na mara nyingi aliongoza safari za wanafunzi kwenda Israel. Alijitahidi pia hata jimbo la New Jersey likatunga sheria mwaka wa 1994 kwamba kila shule ifundishe habari za maangamizi ya Wayahudi. Shingoni alivaa nyota ya Daudi iliyounganishwa na msalaba. Alifariki tarehe 6 Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 85.

Natumaini kuwa mwalimu, Mungu akinijalia. Hapo kila kitabu nitakipima kwa swali moja: je, mtoto wa hao wanaotajwa humu aweza kuketi darasani kikisomwa kwa sauti, asiinamishe kichwa?

Mwanafunzi, Kidato cha Tano