Programu ya wote, lakini nani anaamua?

KAMINA, Haut-Lomami – Kila mwezi, muuguzi wa kituo cha afya hubeba ripoti yake ya karatasi hadi ofisi kuu ya zoni: wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa. Pale namba zinaingizwa katika DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya inaitumia nchini Congo.

Programu hiyo hainunuliwi. Msimbo wake uko wazi: anayetaka anausoma, anaunakili, hata kuubadilisha. Kazi hiyo ilianzia Afrika Kusini, baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka 1994. Leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Fomu zinapangwa Kinshasa, lakini kinachoingia katika msimbo mkuu kinaamuliwa Oslo.

Huo si ubaya wenyewe. Lazima awepo mtu wa kukataa kazi mbovu, la sivyo siku moja namba za chanjo zitapotea. Kinachomzuia kiongozi wa programu huria asijifanye mfalme ni kwamba wengine wanaweza kuchukua msimbo na kwenda zao. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2010: Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun, watengenezaji wengi wa OpenOffice waliingiwa na mashaka, wakaanzisha LibreOffice chini ya shirika lao wenyewe.

Lakini haki hiyo inataka watu wanaojua kusoma. Waluba walilijua jambo hili zamani. Lukasa, ubao wa shanga uliotunza historia ya ufalme, haukusomwa na kila mtu. Waliousoma walifundishwa katika chama cha Mbudye, na chama hicho kilikuwa na nguvu ya kumwekea mipaka hata mfalme. Bila msomaji, lukasa ni kipande cha mti tu.

Vivyo hivyo kwa msimbo. Ikiwa Kamina hakuna anayeusoma, uwazi wake ni faida ya wengine, na malalamiko ya muuguzi yataishia barazani. Chuo Kikuu kipo hapa mjini, na vijana wapo. Mlango wa kuingilia ni mdogo: kuripoti hitilafu kwa maelezo kamili, kutafsiri maneno ya skrini, kisha kutengeneza kasoro moja ndogo. Katika kazi hizi, anayesikilizwa kesho ni yule aliyeonekana akifanya kazi leo.