Charity Ngilu na Akina Mama wa Katangi

Nilipokuwa mtoto Katangi, Machakos, siasa ilikuwa ya wanaume, na akina mama waliitwa kuimba. Mheshimiwa akitarajiwa, vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, viliacha kuchimba mitaro mashambani, vikavaa leso za sare na kucheza juani mpaka hotuba ziishe. Wakirudi na pakiti ya sukari, walishukuru. Hakuna aliyewauliza wanataka nini, ilhali wao ndio waliojua mto umekauka wapi na mtoto wa nani ana homa.

Mwaka 1997 mambo yakaanza kugeuka. Charity Kaluki Ngilu, mzaliwa wa Mbooni, aliyekuwa sekretari katika Benki Kuu kabla ya kuingia kwenye biashara, aliwania urais kwa tiketi ya chama cha SDP. Tangu 1992 alikuwa mbunge wa Kitui ya Kati. Yeye na Wangari Maathai ndio wanawake wa kwanza kuwania kiti hicho Kenya. Wazee wa soko walisema nchi haiwezi kushikwa na mwanamke. Nyanya yangu akawajibu kwamba boma lake limeshikwa na mwanamke tangu mumewe aende Nairobi kutafuta kazi. Rais Moi alishinda, Ngilu akawa wa tano, lakini sisi wasichana tulikuwa tumesikia jina la mwanamke likitajwa sambamba na la Moi na Kibaki.

Alipokuwa Waziri wa Afya katika serikali ya muungano wa NARC, tulimjua kwa kazi. Mwaka 2004 ada ya matibabu ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Mama aliyezoea kungoja auze kuku ndipo ampeleke mtoto kutibiwa, sasa alimbeba asubuhi hiyo hiyo. Mswada wake wa bima ya afya kwa wote ulipita bungeni, lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi.

Mwaka 2017 Ngilu alichaguliwa kuwa gavana wa Kitui. Mwaka 2022 Machakos nayo ikamchagua Wavinya Ndeti, gavana wake wa kwanza mwanamke. Akina mama wa Katangi humdai Ndeti maji na barabara kama walivyomdai mwanamume aliyemtangulia, na hilo ndilo badiliko ninaloliheshimu kuliko yote.

Lakini kazi haijaisha. Wabunge waliochaguliwa Yatta, eneo bunge letu, mwaka 2007, 2013, 2017 na 2022 wote ni wanaume. Dada zangu wa mwethya, fomu za kugombea si za wanaume peke yao.