Meno Yaliyolika kwa Kazi

Mashine yetu ndogo ya kusagia kahawa ina pete mbili za chuma zenye meno: moja imetulia, nyingine huzunguka. Meno yakilika, punje hazikatwi tena, husetwa. Hutoka vumbi na chenga, na kahawa huwa chungu na chachu kwa pamoja. Kukaza pete huongeza vumbi tu. Wiki hii tumeweka mpya.

Zile za zamani hazikuliwa na kutu, bali na kazi. Ndivyo tunavyochakaa sisi tunaohudumu: sala tunasali, lakini haitugusi tena, nasi twajikaza kwa ratiba ngumu zaidi. Kanisa linalijua hilo. Kanuni ya 246 inawataka waseminari wafanye mafungo kila mwaka. Tusiyahesabu kuwa likizo. Tuyaendee tukiomba meno mapya.