Barabara Moja, Majina Mengi

Barabara pana ipitayo Remera, kutoka Gishushu hadi Giporoso na kuelekea Kanombe, ina namba zaidi ya moja. Katika orodha ya barabara za taifa iliitwa RN 3, itokayo Kigali kupitia Rwamagana na Kayonza hadi mpakani Rusumo. Katika vibao vya jiji ni KN 5. Wanafunzi huniuliza kwa nini, ilhali Remera iko wilayani Gasabo na mitaa yetu ya ndani hubeba herufi KG, barabara hii ibebe herufi za Nyarugenge. Swali zuri! Huwajibu kwamba barabara ndefu haibadilishi jina kila ivukapo mpaka wa wilaya.

Vibao hivyo si vya kale. Vilisimikwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kabla yake mitaa mingi haikuwa na jina rasmi. Hata miji iendewayo na barabara zetu ilibadilika: baada ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, barabara ya Butare ikawa ya Huye, na ya Ruhengeri ikawa ya Musanze. Barabara yetu nayo ilisogea kidogo mwishoni mwake. Tarehe 6 Aprili 2016 Marais Kagame na Magufuli walizindua daraja jipya la Rusumo, kando ya lile jembamba la zamani. Ng'ambo ya mto Akagera namba yetu haina kazi tena. Huko ni T3 hadi Morogoro, na magari huhamia upande wa kushoto.

Nayaeleza haya kwa sababu iko siku utapiga 912 kuita gari la wagonjwa, nawe utaulizwa uko wapi. Utasema nini?

Wengi wetu tutasema, "Karibu na Chez Lando." Jina hilo lina uzito wake. Landoald Ndasingwa, mwenye hoteli hiyo na waziri serikalini, aliuawa Aprili 1994 pamoja na mkewe, watoto wao wawili na mama yake, mwanzoni mwa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Kila amwambiaye motari "nishushe kwa Lando" hulitaja jina la mtu huyo, hata asipojua. Hakuna namba iwezayo kuifanya kazi hiyo, nami nisingependa kuona majina ya aina hii yakififia vinywani mwetu.

Hata hivyo, siafikiani na wanaoidharau namba. Ajuaye kuelekeza kwa hoteli ni yule akaaye karibu na hoteli. Mama aliyepanga chumba nyuma ya nyumba tatu, bondeni, hana alama mashuhuri ya kutaja. Lakini kibao cha KG kilicho kwenye kona yake ni halali yake sawasawa na cha mwenye ghorofa. Asipokijua, gari litazunguka wakati mgonjwa anasubiri.

Kwa hiyo, katika somo la insha ya barua, nadai anwani ya mistari miwili: wa kwanza namba ya mtaa, wa pili jina litumiwalo na majirani. Anayeacha mmojawapo hupoteza alama. Nawe msomaji, jioni hii toka nje ukasome kibao chako, kisha umwandikie mtoto namba hiyo nyuma ya mlango, pamoja na 912.