Oili ya transfa na daftari la Mzee

Wandugu, leo naomba tuweke siasa kando tuzungumzie oili. Najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa. Sijaishiwa. Nendeni nami taratibu, mtaona kwamba hata oili ina siasa yake.

Swali ni dogo tu: oili ya transfa kwenye gari la 4x4 inabadilishwa lini? Nimewauliza jamaa zangu kadhaa wanaoendesha magari ya namna hiyo hapa mjini. Mmoja kaniuliza, "Transfa ndiyo nini?" Mwingine kasema fundi wake anajua. Wa tatu, msomi kabisa, kanijibu: "Ikianza kulia." Hilo jibu la tatu ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwa wasioijua, transfa ni kisanduku cha gia kilichofungwa nyuma ya gia boksi. Kinapokea nguvu ya injini na kuigawa: propela moja inaipeleka difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Ile gia fupi pembeni ya gia kubwa, au kile kitufe cha kuzungusha kwenye magari mapya, chenye maandishi 2H, 4H na 4L, ndiyo inayoiamrisha. Ndani mna gia na beringi, na kwenye baadhi ya magari mna mnyororo. Vyote hivyo vinategemea oili ambayo kwa magari mengi ni lita moja mpaka mbili na kidogo. Chupa mbili tatu za maji ya kunywa, basi.

Sasa kuna watu wanasema, "Mimi natembea lami, 4H sijawahi kuigusa, transfa yangu ni mpya." Hapana ndugu yangu. Hata ukiwa kwenye 2H, nguvu inayokwenda magurudumu ya nyuma inapita humo humo kwenye transfa. Ukienda Morogoro na kurudi, imefanya kazi njia nzima. Kilometa zinahesabika.

Na zinahesabikaje? Cha kwanza ni kitabu cha gari lako, maana kila gari lina utaratibu wake. Mengi yanaangukia kati ya kilometa 40,000 na 100,000 kwa matumizi ya kawaida. Ila someni na ule ukurasa wa matumizi magumu: vumbi, matope, kuvuta mzigo, kupita kwenye maji. Hapo muda unapungua, mara nyingi kwa nusu. Sasa niambieni, gari linalokwenda vijijini kwetu matumizi yake ya kawaida ni yapi?

Maji ndiyo adui mkubwa, na hapa ndipo Mzee anapoingia.

Mzee ni dereva wa gazeti ninalofanyia kazi. Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipokumbwa na mafuriko, tulikwenda huko na dabo kebini ya ofisi. Siku tatu tuliingia na kutoka kwenye maji, mengine yakifika katikati ya mlango. Jioni ya siku ya mwisho nikamwona kachutama pembeni ya gari anaandika.

"Shikamoo Mzee, na wewe una stori?"

"Marahaba mwanangu. Yangu ni fupi. Naandika kilometa. Transfa imekunywa maji hii, tukifika wamwage oili."

Akanieleza. Gari likitembea, transfa inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na kisanduku kinavuta. Kama sili imechoka, au kile kibomba cha kupumulia kimezama, kinavuta maji. Ukitoka kwenye maji marefu hutakiwi kusubiri kilometa ngapi zifike. Fungua uangalie siku hizo hizo.

Tulifika. Hawakumwaga. Jibu alilopewa ni kwamba gari linatembea, asubiri bajeti. Akaomba tena, akajibiwa vile vile. Akaomba mara ya tatu.

Julai, tukirudi kutoka safari nyingine, tukiwa Mkuranga gari likaanza kuguna chini ya miguu yetu. Mguno ukageuka kusaga. Tukavutwa mpaka gereji. Fundi alipofungua nati ya chini, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye sumaku ya nati palikuwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole. Ule ungaunga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, alisema, lakini vipande ni kilio.

Wiki iliyofuata Mzee akapewa barua: uzembe wa dereva, gharama zikatwe kwenye mshahara. Transfa nzima, kwa mshahara wa dereva! Mnajua hesabu hiyo inaishia wapi? Inaishia kwenye ada za watoto.

Akaniomba niingie naye kikaoni kwa kuwa Rufiji nilikuwepo. Sikuongea sana. Yeye aliweka mezani daftari lake la kurasa mia moja. Tarehe, kilometa, alichoomba, aliyemjibu, alivyojibiwa. Mara tatu. Kikao kikawa kifupi ghafla. Mpaka leo hajakatwa hata shilingi. Wala hakuna aliyemwomba radhi.

Nimekuwa nikiwaza tangu siku ile kwamba "ikianza kulia" ni jibu la mtu ambaye hatalipa yeye. Transfa hailii mapema. Ikilia, chuma kimeshakula chuma, na hapo anatafutwa wa kubebeshwa. Kwa kawaida ni yule wa chini kabisa, asiye na karatasi.

Kwa hiyo, mwenye gari na wewe unayeliendesha la mwenzio, haya machache. Mwambie fundi afungue kwanza nati ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia, maana ya juu ikigoma baada ya kumwaga yote, gari halitoki hapo. Amwage oili ikiwa na joto kidogo. Ajaze mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sehemu tambarare. Na oili iwe ile iliyoandikwa kitabuni: zipo transfa zinazotaka oili nzito ya gia kama 75W-90, zipo zinazotaka ATF. Usikubali "hii nayo inafaa tu."

Kisha nunua daftari. Andika tarehe na kilometa za siku hiyo, na kama uliomba ukanyimwa, andika nani alikunyima.

Wikiendi hii ingieni chini ya magari yenu mkaangalie. Tukutane wiki ijayo, siasa itakuwa imerudi mahali pake.