Vizibo Mlangoni mwa Friji

Kizibo cha chupa ni kitu ambacho watu hukikanyaga bila kukitazama. Hata hivyo kitu hicho kidogo kina historia yake. Mwaka 1892 William Painter, mkazi wa Baltimore huko Marekani, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake huo. Kizibo cha siku zile kilikuwa na meno 24. Vya leo vina meno 21. Kilibuniwa kitumike mara moja tu, kisha kitupwe.

Nyumbani kwetu tumekipa kazi ya pili. Umeme wa mtaa wetu huja na kwenda, basi friji yetu hushinda siku nyingi bila kupoza kitu. Lakini mlango wake ni wa chuma, na chuma hakingoji umeme ili kushikana na sumaku.

Watoto huokota vizibo visivyopindika, huviosha kwa sabuni, na kuvianika juani visipate kutu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sumaku tunaiomba kwa fundi wa redio, katika spika zilizokufa. Ni pete nyeusi, ngumu, yenye kuvunjika kama chungu. Mimi mwenyewe huifunga kwa kitambaa kizito na kuipasua kwa nyundo, ili vipande visiruke machoni. Kisha tunajaza kizibo kwa viduara vya katoni na kubandika kipande cha sumaku juu yake kwa gundi, mpaka kilingane na ukingo wa meno. Kikizama ndani, hubaki nafasi kati yake na mlango, na nguvu hupungua upesi. Wanafunzi wangu waliliona jambo hilo kwa macho yao: waliongeza karatasi moja moja chini ya kizibo, hata kikateleza na kuanguka. Somo hilo halikuhitaji ubao.

Lakini, enyi wazazi, sikilizeni neno moja zito. Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani. Akimeza sumaku mbili, huweza kuvutana kupitia kuta za matumbo, zikayabana na kuyatoboa. Kwa sababu hiyo vizibo vyetu hukaa juu, mbali na mkono wa kitinda mimba wetu, na kila Jumamosi navivuta kimoja kimoja kuona kama gundi ingali imara. Kilicholegea hakirudi mlangoni. Na mtoto akishukiwa kumeza sumaku, apelekwe hospitali saa ile ile, bila kungoja kesho.

Vizibo hivyo vinashika nini? Risiti za shule, barua ya shangazi, na juu ya vyote kadi ya chanjo ya mtoto. Zamani kadi za namna hiyo zilikaa sandukuni pamoja na nguo, na siku ya chanjo ilipita kimya. Sasa tarehe ya chanjo ya surua, hiyo ya miezi 9, inamtazama mama kila apitapo na maji.

Jirani mmoja alicheka, akasema, “Mwalimu, friji yako haipozi hata maji ya kunywa!”

Nikamjibu, “Ni kweli, baba. Lakini inakumbuka.”

Juma lililofuata alimtuma mwanawe kuja kuomba vizibo viwili.